Chupa Iliyokuwa Jikoni: Nyumba Zetu na Watoto Wadogo, Kutoka Unguja Hadi Maskati



Tangu nilipoieneza kwenu shajara ya ukoo wetu, swali moja limenirudia kutoka kila upande, kwa walioko Dubai, London na hata Toronto: ni nani yule mtoto wa Babu ambaye chini ya jina lake hapana mstari? Ndugu zake wote wana watoto, wajukuu na vitukuu. Yeye ameandikiwa miaka miwili tu, 1953 na 1955, kisha karatasi ni tupu. Kila nilipoulizwa nilijibu kwa mkato kwamba alikufa mdogo. Jibu hilo ni la kweli, ila limeficha jambo, na kwa kulificha limemdhulumu mtu mwengine. Mtu huyo ni Shangazi yetu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka juzi. Kabla hajafa alinipa ruhusa ya kusema, nami nimechelewa vya kutosha.

Nianze na nyumba yenyewe, kwani wengi wenu mnaijua kwa picha tu. Nyumba ya Mkunazini ilijengwa kama zilivyojengwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vyetu vilikuwa virefu na vyembamba. Katikati palikuwa na ua wenye kisima. Ngazi zilikuwa za mawe, zimesimama wima, zimelainishwa na nyayo za miaka. Juu kabisa palikuwa na sakafu ya wazi ya kuanikia nguo na kupunga upepo, na ukingo wake haukupita kiuno cha mtu mzima. Jiko lilikuwa ghorofa ya pili, upande wa nyuma. Hapo palikuwa na seredani za mkaa, jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu, na kandili zikingojea magharibi.

Mimi nilizaliwa 1958 na niliondoka Unguja mwaka 1964, nikiwa na miaka sita. Hata hivyo naikumbuka nyumba ile kama mtoto anavyokumbuka: mahali pa marufuku. Usikaribie kisima. Usipande sakafuni peke yako. Usiguse kandili. Leo mtu akiingia na daftari lake na kuhesabu khatari za nyumba ile, angeijaza kurasa mbili kabla hajafika ghorofa ya kwanza.

Pamoja na hayo watoto wengi walikulia humo salama, na wazee wetu walikuwa na sababu moja ya kulieleza hilo: macho. Waliishi humo watu kumi na tisa. Alikuwepo Bibi, walikuwepo wake za ami zetu, mabinti ambao hawajaolewa, wajakazi wa jikoni na majirani waliopita bila ya kubisha hodi. Mtoto aliyetambaa kutoka chumba kimoja alipokewa na chumba cha pili. Hata aliyefanikiwa kuuvuka mlango mkubwa aliwakuta wanaume wamekaa barazani, na mmoja wao alimrudisha ndani kwa kumshika sikio. Hapakuwa na wavu, kufuli wala kifuniko kigumu. Palikuwa na watu. Ndiyo sifa tunayoikumbuka kwa hamu kila tunapolalamika kwamba nyumba za siku hizi ni za upweke, na mimi mwenyewe nimeisifu mara nyingi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka 1955, siku chache kabla ya Ramadhani. Nyumba ilikuwa ikipakwa chokaa, magodoro yameanikwa, nafaka zinapetwa, na kila mtu yumo mbioni. Ami yetu mdogo, yule asiye na mstari, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Aliachiwa dada yake mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye Shangazi. Mafuta ya taa yalinunuliwa dukani kwa kipimo na kutiwa katika chupa yoyote iliyokuwepo. Siku ile ilikuwa chupa ya soda. Iliwekwa chini, kando ya jiko. Mtoto, ambaye wiki iliyotangulia alionjeshwa soda kwenye arusi, aliijua chupa ya aina ile.

Walipomkuta alikuwa akikohoa, na kifua chake kimelowa. Wazee walifanya walichokijua: walimnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike. Leo madaktari wanakataza jambo hilo, kwani madhara makubwa ya mafuta ya taa huanza yanapoingia mapafuni, na mtoto anayetapika huyavuta tena njia ileile. Wazee wetu hawakuambiwa hayo na mtu. Mtoto alipelekwa hospitali jioni, na akafariki usiku wa pili.

Tangu siku ile katika ukoo wetu kisa kilisimuliwa kwa sentensi moja: "Alimwacha mtoto." Aliyemwacha ni yeye, Shangazi, wa miaka kumi na mmoja. Hakuna aliyempiga wala kumtukana, na Babu alisema hadharani kwamba ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini sentensi ile ilibaki. Ilihama nasi mwaka 1964, ikapita nasi Dubai, ikatua nasi Maskati baada ya 1970. Nyinyi mliolelewa Maskati mnakumbuka kwamba Shangazi hakuwahi kumbeba mtoto mchanga. Tulipompa mtoto ambariki alimwekea mkono kichwani, kisha akaondoka. Tukasema ana moyo mkavu. Mnakumbuka pia jiko lake la Ruwi, ambalo tulilicheka: kila chupa isiyokuwa ya kinywaji aliifunga kitambaa chekundu shingoni na kuitundika kwenye msumari, juu kuliko mkono wake mwenyewe. Alikuwa akipanda kigoda kufuata dawa ya kusafishia sakafu. Tulidhani ni vituko vya mjane.

Mtu mmoja katika ukoo wetu alikuwa amejifunza somo la mwaka 1955, nasi tulikuwa tukimcheka.

Ami yetu mwengine alikwenda Uingereza na kukaa Portsmouth, mji uleule aliohamia Sultan Jamshid baada ya mapinduzi. Katika barua zake za kwanza alieleza kwamba mwenye nyumba alimkabidhi uzio wa wavu wa chuma wa kuweka mbele ya moto wa ukutani, na kumwambia kwamba penye mtoto hapawashwi moto bila ya uzio huo. Ami aliona ni ubaridi wa Wazungu: wanaweka chuma mahali pa mama. Nilipostaafu ukarani na kupata wakati wa kusoma, nilitaka kujua uzio ule umetoka wapi, na nikakuta historia yenye mafunzo.

Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Watoto. Ndani yake kilikuwemo kifungu kilichosema kwamba mtu mzima anayemwacha mtoto wa chini ya miaka saba katika chumba chenye moto usiokingwa ipasavyo, na mtoto akafa au akaumia vibaya, amefanya kosa. Tazameni vizuri sheria hiyo: inasubiri mtoto aungue, kisha inamtafuta mtu wa kumlaumu. Haikuwa mbali sana na sentensi yetu. Miaka arobaini na minne baadaye, mwaka 1952, ilipitishwa sheria ya namna nyengine. Hiyo ilikataza kuuzwa kwa majiko ya kupashia joto ya gesi, umeme na mafuta yasiyokuwa na kinga. Swali lilikuwa limebadilika. Mwanzo waliuliza mama alikuwa wapi. Sasa waliuliza kwa nini jiko limetoka dukani likiwa wazi.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, kwa sababu ni wa chupa. Katika mji wa Windsor, jimbo la Ontario, nchini Kanada, alikuwepo daktari wa watoto aitwaye Henri Breault. Alichoshwa na kuwapokea watoto waliokunywa dawa za wazazi wao. Kuwaonya wazazi hakukutosha. Mwaka 1967 juhudi zake zilizaa kifuniko ambacho sharti ukikandamize kwa kiganja huku ukikizungusha. Mkono wa mtu mzima unaweza, wa mtoto mdogo unashindwa. Ajali za sumu katika mji ule zilipungua mno. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka dawa na vitu vya sumu vya nyumbani viwekwe katika vyombo ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua kwa urahisi. Kila mmoja wenu amekwisha kuhangaika na kifuniko hicho na kukilaani. Msikilaani tena.

Mfano wa tatu ni wa madirisha. Katika jiji la New York watoto wa majumba marefu walikuwa wakianguka, hasa wakati wa joto madirisha yanapofunguliwa. Mwaka 1976 jiji liliwalazimisha wenye majumba ya kupangisha kutia vizuizi vya chuma katika madirisha ya kila nyumba anamoishi mtoto wa miaka kumi au chini yake, na maanguko yakapungua sana. Akina mama wa New York hawakuwa wamezidi kuwa wema kuliko mwaka uliotangulia. Dirisha ndilo lililobadilika.

Najua baadhi yenu mtasema, kama alivyosema Ami, kwamba hayo ni mambo ya watu wengine na sisi tuna tawakali. Kwa elimu ndogo niliyoipata chuoni, nathubutu kusema kwamba hapo tumejisahau wenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mtu amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya Jabir bin Abdillah inayoeleza yafanywayo usiku unapoingia: watoto wazuiwe ndani, milango ifungwe, vyombo vifunikwe, taa zizimwe. Na sababu ya taa imetajwa: panya anaweza kuuburura utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Katika Sunan ya Abu Daud umo mlango mzima juu ya mtu anayelala juu ya sakafu isiyokuwa na ukingo. Mafundisho hayo hayamwambii mtu akeshe akimtazama panya. Yanamwambia azime taa. Hayamtaki alale na jicho moja wazi juu ya sakafu; yanataka ukingo. Wazee wetu waliyasoma hayo, na ndiyo maana nyumba ya Mkunazini ilikuwa na ukingo juu na kifuniko cha mbao juu ya kisima. Chupa ya mafuta ya taa ilikuja baadaye, pamoja na mambo mapya mengine, na hakuna aliyeifikiria kwa kipimo kilekile.

Nirudi Maskati. Eid moja, miaka michache iliyopita, tulikusanyika kwangu Mabela. Tulikuwa watu wazima saba sebuleni, na Shangazi ndiye mkubwa wetu. Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili. Siku mbili kabla yake nilinunua dawa ya kung'arishia nguo katika dumu kubwa. Kwa kuwa dumu lile lilikuwa zito, nilimimina kidogo katika chupa tupu ya maji ya kunywa na kuiweka chini ya sinki la jikoni. Mimi ndiye niliyeimimina. Mimi, niliyeisimulia habari ya 1955 kwa watu wangapi, sikujua kwamba nimefanya jambo lilelile.

Mtoto alitoka sebuleni na hakuna aliyemwona. Sote saba tulikuwepo, na kila mmoja alidhani mwenziwe anamtazama. Mama yake ndiye aliyekwenda jikoni kufuata vikombe vya kahawa, akamkuta amekaa sakafuni, chupa iko mapajani, anapambana na kifuniko. Kilikuwa hakijafunguka. Alhamdulillahi, hapana jengine lililotokea.

Shangazi aliinuka, akaichukua chupa, akaimwaga sinki, akaisuuza na kuipasua kwa kisu. Kisha akaniita chumbani. Akaniambia maneno machache, nami nayaandika kama yalivyo: "Mimi nilitumwa." Nikamwuliza alitumwa na nani. Akanieleza kwamba siku ile ya 1955 mchuuzi wa samaki alisimama chini ya dirisha, na Bibi akamwita yeye akateremshe kikapu kwa kamba kama ilivyokuwa ada ya nyumba. Alisema, "Bibi, nina mtoto." Akaambiwa, "Njoo mara moja, watu wamo." Akaenda. Watu walikuwemo kweli, kumi na saba wengine. Bibi hakulitaja jambo hilo katika matanga wala baada yake. Shangazi naye hakulitaja, kwa sababu Bibi ni mama yake, na alimwona akilia.

"Nikisema, nimemuua mama yangu," akaniambia. "Na nilivyonyamaza, mmeniua mimi. Nikifa, sema."

Ndugu zangu, siandiki haya ili tuhamishe lawama kutoka kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja kwenda kwa bibi aliyelala kaburini tangu zamani. Tukifanya hivyo tutakuwa tumebadilisha jina tu katika sentensi ileile. Bibi alitaka samaki wa chakula cha watu kumi na tisa. Mwenye duka alitia mafuta katika chupa aliyoletewa. Aliyeiweka chini aliiweka penye kazi. Hapana hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya wala uzembe wa kupindukia. Katika ukarani wangu nilizoea kujaza madaftari yenye safu ya jina na safu ya sababu. Ukoo wetu kwa miaka sabini uliandika jina katika safu ya sababu. Sababu ilikuwa ni sumu katika chombo cha kinywaji, pahali mkono wa mtoto unapofika.

Na macho tunayoyasifu yalikuwepo siku zote mbili, ya 1955 na ya Eid ile. Macho ni neema. Lakini jicho huitwa dirishani, husinzia, hudhani kwamba jicho jengine lipo. Leo tumo katika nyumba za watu wanne au watano, baba yuko kazini na bibi yuko nchi nyengine anatutazama kupitia simu. Basi ikiwa macho kumi na saba hayakutosha, mawili yatatosha vipi?

Kwa hiyo nawaomba, kama mzee wenu, kila mmoja apige magoti na kuitazama nyumba yake kwa kimo cha mtoto. Sumu isitoke kamwe katika chombo chake cha asili, na ikae juu na kwa kufuli. Dirisha na roshani ziwe na kizuizi, na kitanda au kiti kisisogezwe chini yake. Mpini wa sufuria uelekee ukutani, na birika la chai lisiwe juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia. Ndoo ya maji imwagwe, kwani mtoto mdogo huzama katika kina cha shubiri moja. Mlioko Oman wenye nyua zenye lango, asirudishwe mtu gari nyuma mpaka kila mtoto ajulikane alipo kwa jina, na mkienda mashambani mlijue birika la maji kabla hamjajua pa kutandika mkeka. Na lile tunalolifanya kwa mapenzi nalo tuliangalie: wanja wa jiwe tuliokuwa tukiwapaka watoto wachanga mara nyingi una risasi ndani yake, na risasi hudhuru akili ya mtoto, na hirizi ya uzi shingoni mwa mtoto aliyelala inaweza kumnyonga. Anayetaka kumkinga na jicho baya amsomee.

Ikitokea ajali ya sumu, msimtapishe mtoto. Chukueni chombo chenyewe, mkimbilie hospitali, na mwonesheni daktari.

Shajara nimeirekebisha. Chini ya jina la Ami mdogo nimeandika: alifariki 1955 kwa mafuta ya taa yaliyokuwa katika chupa ya soda. Hapana jina la mtu jengine hapo. Na kando ya jina la Shangazi, ambaye hakuacha mtoto, nimeandika kwamba ndiye wa kwanza katika ukoo wetu aliyeiweka nyumba yake iwe salama kwa watoto wa wengine. Kitambaa kimoja chekundu ninacho. Kimefungwa katika chupa jikoni kwangu, juu, na nahitaji kigoda kukifikia.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na awahifadhi wadogo wetu popote walipo. Amin.